Neno Alifanyika Mwili: Kwa Nini Swali la "Umeokoka?" Linaanzia Bethlehemu

Kila Desemba na kila Pasaka maswali ni yale yale, kwenye makundi ya WhatsApp, vijiweni na ndani ya daladala. Mungu anazaliwaje? Kama Yesu ni Mungu, pale Gethsemane alikuwa anamwomba nani? Alipokufa, ulimwengu uliendeshwa na nani? Halafu kuna lile ambalo Wakristo huulizana wao kwa wao: "Ndugu, umeokoka?" Huulizwa kwa moyo mwema, ila limewagawa ndugu wa nyumba moja, huyu akijiona ndani na mwenzake akihesabiwa nje.

Watu huyachukua haya kama mambo mawili: Yesu ni nani, na mtu anaokokaje. Ni jambo moja. Karibu kila mabishano makubwa ya Kanisa la kale kuhusu Yesu yalikuwa mabishano ya wokovu, na ukimkosea yeye ni nani, hata neno "kuokoka" linabaki tupu. Makala hii inafuata uzi huo kuanzia mwanzo.

Kwanza maneno yenyewe, maana nusu ya ugomvi hutokana na watu kutumia neno moja kwa maana tofauti.

Umwilisho ni imani kwamba Mwana wa Mungu, aliyekuwako milele pamoja na Baba, alitwaa ubinadamu kamili tumboni mwa Bikira Maria, akazaliwa mtu bila kuacha kuwa Mungu. Msingi wake ni Yohana 1:14: "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Mwili unaosemwa hapo ni mtu mzima: nyama na damu, akili, hisia na utashi. Wakatoliki huikiri imani hiyo katika Nasadiki, yaani kanuni ya imani isomwayo kwenye Misa: "Akapata mwili kwa uwezo wa Roho Mtakatifu, kwake yeye Bikira Maria, akawa mwanadamu." Ukiwapo kanisani utaona waamini wanainama wafikapo maneno hayo. Siku ya Noeli na tarehe 25 Machi, sherehe ya kupashwa habari Bikira Maria, hupiga magoti kabisa.

Asili na nafsi ndiyo maneno mawili yanayowachanganya wengi. Asili hujibu swali "ni nini?" Nafsi hujibu swali "ni nani?" Ukiuliza kuhusu Yesu "huyu ni nani?", jibu ni moja tu: ni Mwana wa Mungu. Ukiuliza "huyu ni nini?", majibu ni mawili, na yote ni kweli kwa ukamilifu: ni Mungu, tena ni mtu. Yashike maswali hayo mawili. Yatafungua milango mingi huko mbele.

Dhambi, katika Biblia, ni zaidi ya orodha ya makosa. Ni hali ya mwanadamu kukatika kutoka kwa Mungu, na hali hiyo ina sura tatu: hatia, utumwa wa tamaa asiyoiweza, na mauti. Kwa hiyo wokovu nao una sura zaidi ya moja: kusamehewa hatia, kufunguliwa kutoka utumwani, kuvuka mauti, na kushirikishwa uzima wa Mungu mwenyewe. Neema ni Mungu kufanya hayo bila mtu kuyalipia.

Sasa chukua mfano wa mtu aliyetumbukia kisimani. Anahitaji kamba, na kamba hiyo ina masharti mawili. Juu iwe imefungwa kwenye kitu kisichong'oka. Chini ifike mikononi mwa aliyetumbukia. Ikifungwa vizuri juu lakini ikaishia katikati ya kisima, yule wa chini ataitazama tu. Ikifika chini lakini juu haikufungwa popote, akiivuta itamwangukia. Mfano huu una mpaka wake, kwa sababu kamba haisikii baridi ya maji, na Yesu aliisikia. Ila unaonyesha vizuri mahali ambapo mafundisho potofu ya karne za kwanza yalikosea: moja lilikata juu, jingine likakata chini, jingine likakata katikati.

Walioikata juu

Ario alikuwa padri wa Aleksandria, Misri, mwanzoni mwa karne ya 4. Alitaka kuulinda umoja wa Mungu, na hiyo ni nia njema. Akafundisha kwamba Mwana ni kiumbe: wa kwanza, wa juu kuliko wote, lakini kiumbe. Msemo wa kundi lake ulikuwa kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwako.

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, huko Nikea, mji ambao leo ni İznik nchini Uturuki. Mwaka 2025 makanisa mengi yaliadhimisha miaka 1700 ya mtaguso huo. Maaskofu walikiri kwamba Mwana "alizaliwa bila kuumbwa" na kwamba ana umungu mmoja na Baba. Aliyeitetea imani hiyo kwa miaka mingi iliyofuata ni Atanasi, ambaye wakati wa mtaguso alikuwa shemasi tu. Akawa askofu wa Aleksandria mwaka 328, na kwa ajili ya msimamo wake alifukuzwa mjini mara tano. Ndiye pia aliyemweka Frumentio kuwa askofu wa Aksum, kwa hiyo imani ya Nikea ilifika Ethiopia mapema sana kuliko inavyodhaniwa.

Hoja ya Atanasi haikuwa ya kifalsafa tu. Aliuliza: kiumbe atawaunganishaje viumbe wenzake na Mungu? Kama Mwana naye ameumbwa, naye anahitaji kushikiliwa na Mungu ili asirudi kwenye utupu alikotoka. Hawezi kutupa uzima ambao yeye mwenyewe ameazimwa. Zaidi ya hapo, Wakristo walikuwa wakibatiza kwa jina la Mwana na kumwomba. Ikiwa yeye ni kiumbe, basi Kanisa zima lilikuwa likiabudu kiumbe.

Hapa kuna uzushi mmoja unaosambaa sana mitandaoni, kwamba Konstantino "alimfanya" Yesu Mungu kule Nikea na kuchagua vitabu vya Biblia. Kati ya kanuni 20 za mtaguso ule hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Biblia. Na kuhusu Yesu kuabudiwa, tunaye shahidi ambaye hakuwa Mkristo. Yapata mwaka 112 Plinio, gavana wa Kirumi wa jimbo la Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano kwamba Wakristo wa huko hukutana alfajiri na kumwimbia Kristo kama mungu. Nikea yenyewe ni mji wa jimbo hilo hilo. Yaani zaidi ya miaka 200 kabla ya mtaguso, watu wa eneo lile walikuwa wameshazoea kumwabudu Yesu, na serikali ilikuwa na taarifa.

Fundisho linalofanana na la Ario lipo hata leo. Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hufundisha kwamba Mwana ni kiumbe wa kwanza wa Mungu. Anayebishana nao kwa kurushiana mistari bila kufika kwenye swali la Atanasi, yaani kiumbe anaweza kuokoa kitu gani, atazunguka pale pale mchana kutwa.

Walioikata chini

Kosa la upande wa pili ni la kale zaidi, na nionavyo mimi ndilo lililoenea zaidi makanisani kwetu leo, kwa sababu linavaa sura ya uchaji. Mwanzoni kabisa walikuwepo waliosema Yesu alionekana tu kuwa na mwili, hakuwa nao kweli. Barua ya kwanza ya Yohana inawakemea (1 Yohana 4:2). Ignasi, askofu wa Antiokia, akisafirishwa chini ya ulinzi kwenda kuuawa Roma mwanzoni mwa karne ya 2, aliwaandikia Wakristo wa Smirna: kama Bwana aliteseka kwa kuonekana tu, mimi nimefungwa minyororo ya nini?

Baadaye akaja Apolinari, askofu wa Laodikia. Huyu alikubali mwili, akakataa akili ya kibinadamu. Aliona kwamba ndani ya Yesu nafasi ya akili ilijazwa na Neno wa Mungu. Leo wengi wanawaza hivyo bila kujua: Mungu ndani, mwili nje. Jibu alilolitoa Gregori wa Nazianzo linapaswa kukaririwa na kila katekista na kila mwalimu wa Sunday school: kile ambacho hakukitwaa, hakukiponya. Kama hakutwaa akili ya mwanadamu, basi akili zetu zimeachwa nje ya wokovu, na huko akilini ndiko dhambi inakoanzia.

Soma Injili kwa jicho hilo. Yesu anachoka na kuketi kisimani Samaria (Yohana 4:6). Analala chomboni, kichwa juu ya mto, dhoruba ikivuma (Marko 4:38). Analia kwenye msiba wa Lazaro. Anasema hajui siku wala saa ya mwisho (Marko 13:32). Luka 2:52 inasema aliendelea kukua katika hekima na kimo, maana yake alijifunza: kutembea, kuzungumza, kuzisoma zaburi. Muumini anayeona aibu kusema Yesu alijifunza huona kwamba anamheshimu. Kumbe anaifupisha kamba. Waebrania 4:15 inasema alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Dhambi haikuwamo ndani yake, na hilo halimpunguzii ubinadamu, maana dhambi ni ugonjwa wa mwanadamu, si kiungo chake.

Walioikata katikati

Ikishakubalika kwamba ni Mungu kamili na mtu kamili, linabaki swali: je, hao ni wawili? Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli, alisita kumwita Maria "Mama wa Mungu". Alipendelea "Mama wa Kristo". Sirili, askofu wa Aleksandria, aliona hatari. Mtaguso wa Efeso, mwaka 431, ukalithibitisha jina la Mama wa Mungu.

Wapo wanaodhani jina hilo linamaanisha Maria ni wa kale kuliko Mungu, au kwamba umungu ulianzia kwake. Rudi kwenye maswali yetu mawili. Mama humzaa nani? Humzaa mtu fulani mwenye jina, na aliyezaliwa na Maria ni Mwana wa Mungu katika ubinadamu alioutwaa kwake. Umungu wake hakuutoa kwa Maria. Jina hilo linalinda jambo moja: yule mtoto wa horini si mtu fulani ambaye Mungu alikuja kukaa naye, kama alivyokaa na manabii. Ni yeye mwenyewe. Martin Luther, aliyeanzisha matengenezo ya Kiprotestanti, naye alilikubali jina hilo, jambo ambalo Waprotestanti wengi hawajaambiwa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 451, mtaguso wa Kalkedonia (leo ni sehemu ya jiji la Istanbul) ulitoa tamko ambalo Wakatoliki, Waorthodoksi wa Kigiriki na Kirusi, Waanglikana, Walutheri na Waprotestanti wengi wanalifuata: nafsi moja, asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutenganika. Maneno manne, yote ya kukanusha. Hayaelezi muungano huo unavyofanyika ndani. Yanaweka uzio ili fumbo lisivunjwe. Mawili ya mwanzo yanazuia asili zisikorogwe hadi zikatoa kitu cha tatu, kisicho Mungu wala mtu. Mawili ya mwisho yanazuia Yesu asigeuke watu wawili. Anayesema Yesu ni "nusu Mungu nusu mtu" ameshauruka uzio.

Makanisa ya Wakopti wa Misri, Waethiopia, Waarmenia na Wasiria hayakulipokea tamko lile, yakihofia linamgawa Kristo. Kwa karne nyingi walitukanwa kwamba wanaukana ubinadamu wake, na haikuwa haki. Tarehe 10 Mei 1973 Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja wakimkiri Yesu kuwa Mungu kamili na mtu kamili. Sehemu kubwa ya ugomvi ule ilikuwa ya msamiati.

Maswali ya kijiweni

Je, Wakristo wanasema Mungu alioa akazaa? Hapana, na Mkristo anayeulizwa hivi na jirani yake Mwislamu asikasirike, ajibu kwa utulivu. Surat Al-Ikhlas inasema Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Uzazi wa kimwili, wenye mke na mwanzo, Wakristo nao wanaukataa kabisa kwa Mungu. Mwana ni Mwana "tangu milele yote", hakuna siku aliyoanza. Hata hivyo tusifiche tofauti iliyopo. Uislamu unamheshimu Isa bin Maryam kama nabii na Masihi aliyezaliwa na bikira, na unakataa kwamba Mungu alifanyika mtu. Tofauti hiyo ni ya kweli, na ujirani mwema unaweza kuibeba bila kuifuta.

Gethsemane alimwomba nani? Alimwomba Baba. Baba na Mwana ni Mungu mmoja, lakini Mwana si Baba. Ni nafsi mbili. Kisha sikiliza ombi lenyewe katika Marko 14:36: "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Katika karne ya 7 wafalme wa Konstantinopoli, wakitafuta umoja wa kisiasa, walishinikiza fundisho kwamba Kristo alikuwa na utashi mmoja tu, wa kimungu. Mtawa mmoja, Maksimo, alikataa. Mwaka 662, akiwa mzee wa miaka 80 na zaidi, alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka ule ule. Mtaguso wa mwaka 680 hadi 681 ukampa haki: Kristo ana utashi wa kimungu na utashi wa kibinadamu, nao haupingani na ule wa kimungu.

Mtu atauliza kwa nini mzee wa watu akatwe ulimi kwa jambo kama hilo. Kwa sababu utashi wa mwanadamu ndio ulioasi Edeni. Kama Yesu hakuwa nao, basi pale bustanini hakuna mwanadamu aliyetii. Ilikuwa maonyesho tu. Maksimo aliona kwamba katika sala ile, utashi wetu, ule ule unaoogopa kifo, ulisema ndiyo kwa Mungu bila kulazimishwa. Sioni mahali pengine ambapo wokovu wetu unaonekana kwa karibu kiasi hicho.

Je, Mungu alikufa? Uliza tena nani na nini. Nani alikufa msalabani? Mwana wa Mungu. Paulo anathubutu kusema walimsulubisha "Bwana wa utukufu" (1 Wakorintho 2:8). Alikufa katika nini? Katika ubinadamu wake: roho yake ya kibinadamu ilitengana na mwili wake. Umungu haufi. Ndiyo maana swali la nani aliuendesha ulimwengu siku zile halina ugumu. Atanasi alishaeleza kwamba Neno, akiwa katika mwili, hakufungiwa ndani ya mwili. Aliendelea kuvishikilia vitu vyote hata akiwa amelala horini.

Msalaba ulifanya nini

"Mungu ni mwenye rehema, si angesamehe tu, yakaisha?" Swali hili ni zuri, na Wakristo hawana jibu moja rasmi kwa kiwango cha Nikea. Hakuna mtaguso wa kale uliotoa tamko la jinsi msalaba unavyookoa. Biblia yenyewe inatumia picha kadhaa: fidia ya kumkomboa mtumwa (Marko 10:45), sadaka, ushindi vitani, upatanisho wa waliokosana, hukumu mahakamani.

Waandishi wa kale walisisitiza ushindi: Mwana aliingia kwenye mauti, na mauti haikuweza kummeza. Anselmi, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury, katika kitabu alichokikamilisha mwaka 1098, alienda njia ya deni: mwanadamu ndiye anayedaiwa, Mungu peke yake ndiye awezaye kulipa, kwa hiyo alihitajika mmoja aliye vyote viwili. Wanamatengenezo wa karne ya 16, yaani Waprotestanti wa kwanza, wakaisukuma hoja hiyo mahakamani: Kristo alibeba hukumu yetu. Kila njia inaona kitu cha kweli. Shida huanza pale moja inapoachwa peke yake.

Na hapa pana kosa la mimbarani linalonisikitisha kweli. Mhubiri anamchora Baba kama mzazi mwenye hasira aliyekosa wa kumpiga, akampiga mtoto asiye na hatia, hasira zikaisha. Vijana wakisikia hivyo wanaondoka kanisani, nami siwalaumu. Tazama kosa liko wapi: mhubiri amemtenga Yesu na Mungu, kana kwamba Mungu alimkamata mtu wa tatu. Umwilisho unasema kinyume chake. 2 Wakorintho 5:19 inasema Mungu alikuwa ndani ya Kristo, akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Na Yesu mwenyewe anasema kuhusu uhai wake kwamba hakuna amwondoleaye, anautoa mwenyewe (Yohana 10:18). Gharama ya msamaha aliibeba aliyekosewa. Na msamaha wa kweli huwa na gharama siku zote. Asiyejali alichopoteza hajasamehe, amepuuza.

Msalaba pia hausimami bila kaburi tupu. "Kama Kristo hakufufuka," Paulo anawaambia Wakorintho, imani yao ni bure na bado wamo katika dhambi zao (1 Wakorintho 15:17). Mahubiri ya Ijumaa Kuu yasiyofika Jumapili yamemwacha msikilizaji kisimani.

Basi, umeokoka?

Katika eneo letu swali hili lina historia. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwafanya watu wakiri dhambi hadharani, warudishe mali walizoiba na kupatana na maadui zao. Uliwatikisa Wakristo wa jina tu, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini kwa miaka mingi swali limepungukiwa, likawa la tarehe: uliokoka lini? Asiye na tarehe akaonekana hana wokovu.

Agano Jipya linatumia nyakati zote tatu. Kwa Waefeso 2:8, tayari: "mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani." Katika 1 Wakorintho 1:18, jambo linaendelea: "sisi tunaookolewa". Katika Warumi 5:9, bado liko mbele: tutaokolewa. Anayesema "nimeokoka" anasema kweli kuhusu alichokipokea kwa Kristo. Anayesema "ninaokolewa" anasema kweli kuhusu safari. Wakisikilizana, wengi watagundua kwamba hawakuwa wakipingana.

Kuhusu imani na matendo, watu wengi bado wanaamini Wakatoliki wanafundisha kwamba mtu huununua wokovu kwa matendo, na Walutheri wanafundisha uamini kisha uishi utakavyo. Hakuna kati yao anayefundisha hivyo. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristo, wala si kwa stahili yoyote iliyomo ndani yetu, nasi tunapokea Roho Mtakatifu anayetufanya upya na kutuita tutende mema. Wamethodisti walijiunga nalo mwaka 2006. Tofauti zimebaki kadhaa, lakini lile shina la ugomvi wa karne ya 16 limeshughulikiwa, na inasikitisha kuona mabishano ya vijiweni bado yako mwaka 1517, Luther alipoanza matengenezo.

Mpangilio wenyewe unaonekana kwa Zakayo, Luka sura ya 19. Yesu anamwita kwanza na kujialika nyumbani kwake, kabla mtoza ushuru huyu hajaahidi chochote. Kisha Zakayo anasimama na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu anasema wokovu umefika nyumba ile. Neema ilitangulia, mkono wa Zakayo ukafuata, na ulifuata hadi kwenye kiasi cha fedha. Ukigeuza mpangilio, Zakayo amenunua ugeni wa Yesu. Ukiikata sehemu ya pili, waliodhulumiwa wa Yeriko wamebaki na hasara yao huku tajiri akiimba mapambio.

Mwili hautupwi

Dhana moja zaidi, na hii utaisikia misibani: kwamba mwili ni ganda tu, kilicho cha maana ni roho, na mbinguni tutakwenda bila miili. Inasemwa kwa nia ya kufariji, lakini si imani ya Kikristo. Kristo aliyefufuka aliomba chakula akala kipande cha samaki mbele ya wanafunzi wake (Luka 24:42-43), na makovu alikuwa nayo. Alipopaa hakuuvua ubinadamu. Kanisa linafundisha kwamba hadi sasa Mwana ni mtu, na atabaki mtu milele.

Kwa kanuni ile ile ya Gregori, alichokitwaa kimeponywa: mwili nao umo. Ndiyo maana Warumi 8:23 inaongelea ukombozi wa mwili wetu kama jambo tunalolingojea, na Kanuni ya Imani ya Mitume inakiri "ufufuko wa miili". Ndiyo maana pia Mkristo anayemlisha mwenye njaa au kumuuguza mgonjwa hafanyi kazi ya pembeni wakati wengine wakifanya ile "ya kiroho". Na padri au mchungaji anaposimama kaburini, maneno ya kumfariji mjane yapo tayari katika imani hiyo: huyu tunayemzika, kwa jina lake na mwili wake, ndiye tunayetumaini kumwona amefufuka.